Mama mkubwa hayumo kwenye orodha

Fomu yenyewe, ya kuombea udhuru wa msiba, ilikuwa ya ukurasa mmoja. Juu jina, namba ya mwanafunzi na tarehe uliyokosa darasani. Chini yake sababu. Chini ya sababu mstari mfupi: uhusiano wako na marehemu. Na pembeni, kwa herufi ndogo, walikuwa wameshakupangia uhusiano unaokubalika: mzazi, mume au mke, mtoto, kaka au dada, babu au bibi. Niliisoma orodha ile mara mbili nikimtafuta mama mkubwa, kama mtoto anayetafuta jina lake kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani. Hakuwemo.

Na hicho kilikuwa chuo cha mazishi.

Nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya Green Card, nikatua Texas kwa sababu ndiko alikokuwa mtu pekee niliyemjua. Nikapata kazi ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kuogesha na kugeuza wagonjwa kitandani. Mwaka wa tatu akafariki Mtanzania mwenzetu, mwanamke wa makamo. Usiku uleule kundi la WhatsApp likaundwa, michango ikaanza, na kesho yake mwenye nyumba ya mazishi, yaani biashara ya kuandaa maiti na maziko, akapiga simu kuuliza kama tunaye mwanamke wa kumwosha marehemu kwa desturi ya Kiislamu, maana yeye alikuwa na wafanyakazi wanaume tu. Tukaenda watatu, mimi na mama wawili wa makamo. Tulipomaliza kumvika marehemu sanda, yule bwana, aliyekuwa akitusubiri koridoni, akaniuliza kwa nini sisomei kazi hii. Nikacheka. Miezi minane baadaye nilikuwa darasani.

Nyumbani habari zilifika vibaya. "Anasomea mochwari," ndivyo ilivyosemwa. Mama mkubwa, aliyenilea Muheza tangu nina miaka minne, alinipigia simu mwenyewe. "Mwanangu, umevuka bahari kwenda kuosha maiti? Si ungebaki hapa, maiti wako tele." Kisha akacheka mpaka akakohoa, akaniombea dua, akaniuliza kama wananilipa.

Watu hudhani chuo cha namna hii ni pa kwenda ukishakataliwa kwingine. Nami nilidhani hivyo kidogo. Wiki ya kwanza nikapewa ratiba: anatomia, kemia, mikrobiolojia, patholojia, uhasibu, sheria ya mazishi, saikolojia ya wafiwa, na somo la kutengeneza sura kwa nta, ambalo nitalikumbuka mpaka nife. Mwisho wa yote unakusubiri mtihani wa bodi wa taifa wenye sehemu mbili, sanaa na sayansi, na kila sehemu inataka alama 75. Chuo kilikuwa na mizani yake pia. Somo lolote la fani ukipata chini ya 70 umeanguka, unarudia. Ukirudia ukaanguka tena, unafungasha.

Anatomia nilipata 68.

Nilikwenda ofisini kwa mwalimu nikiwa na maneno yangu nimeyapanga vizuri: natoka kazini usiku, Kiingereza ni lugha yangu ya pili, ni alama mbili tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua karatasi yangu ya mtihani, akanionyesha swali ambalo nilikuwa nimechanganya ateri, inayotoa damu moyoni, na vena, inayoirudisha. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba ukiingiza dawa ya kuhifadhi maiti kwenye vena ukadhani ni ateri, hatakuwepo wa kukuongezea alama mbili. Nikaondoka nimekasirika. Ilinichukua muda kukiri kwamba alama ile ilikuwa ya haki, na kwamba kosa kwa kiasi fulani lilikuwa la Kiswahili changu. Kwetu yote ni mshipa. Damu inakwenda kwa mshipa na kurudi kwa mshipa, ukiumwa mgongo ni mshipa, mzee mwenye ngiri naye ana mshipa. Neno moja linabeba ateri, vena, neva na hata ugonjwa. Mezani, upande wa kulia wa shingo, ateri ya karotidi na vena ya jugula zimelala pamoja kama ndugu: ya kwanza unaingizia dawa, ya pili unatolea damu. Mwenye neno moja la mshipa lazima ajifunze kuona viwili.

Kurudia somo kuna gharama isiyoandikwa kwenye ada. Nilikuwa nasoma kwa msaada wa serikali ya shirikisho, na msaada ule una masharti yake. Chuo changu, kama vyuo vingi vya huko, kilitaka wastani usishuke chini ya 2.0, yaani C, na uwe umefaulu asilimia 67 ya ulivyojisajili. Na serikali haikulipii zaidi ya asilimia 150 ya urefu wa kozi. Somo uliloanguka linahesabiwa kwamba ulilijaribu, na hata ulilojiondoa katikati ya muhula. Ndugu zetu wengi hawaambiwi hili mpaka barua ya onyo ifike. Yangu ilifika mwezi Januari. Niliibandika mlangoni kwa ndani, niione kila nikitoka.

Muhula uliofuata nikasoma kama mtu anayefukuzwa. Kemia, niliyokuwa naiogopa, ikawa rafiki yangu kwa sababu ilikuwa na hesabu za jikoni. Chupa ya dawa ni aunsi 16, na imeandikwa nguvu yake, tuseme 25. Unataka galoni moja, yaani aunsi 128, yenye nguvu ya asilimia 2. Basi 128 mara 2, gawanya kwa 25: aunsi 10 na robo za dawa, kinachobaki maji. Maiti mkavu ana kiwango chake, aliyevimba maji ana chake, na ukizidisha ngozi inakuwa ya kijivu na ngumu kama kiatu. Kwenye nta nako nilijifunza kwamba sikio lina urefu sawa na pua, na uso una upana wa macho matano. Kwa mwezi mzima nilikuwa nawapima watu kwenye foleni ya dukani, wananiona chizi.

Sasa mahudhurio. Hapa ndipo walipokuwa wakali zaidi. Ukipitisha dakika 10 umechelewa, hata kama ni 11. Ukichelewa mara tatu, umekosa siku moja. Maabara ukikosa siku tatu umeanguka muhula, uwe na 98, uwe na ngapi. Na kabla ya kukosa lazima upige simu kabla kipindi hakijaanza.

Maabara yetu ilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa 1 asubuhi. Zamu yangu iliisha saa 12. Mwenzangu wa kunipokea akichelewa robo saa, mimi nimechelewa dakika 12. Mara tatu ikatokea hivyo. Siku nyingine Corolla yangu ikafa barabarani. Kufikia Septemba nilikuwa na siku mbili kwenye daftari, moja ya gari na moja ya dakika, na wiki zilizobaki zilikuwa nyingi.

Nilizinung'unikia sana dakika zile 10, mpaka siku moja nilipochelewa nikakuta mdomo umeshafungwa. Nieleze. Maiti anapofika mezani, kabla ya dawa yoyote, unamkagua, unamsafisha, unakanda viungo vilegee kama vimekakamaa, halafu unapanga sura: macho, kisha mdomo. Mdomo ndio kazi. Taya linafungwa kwa ndani, midomo inakutanishwa, inapakwa mafuta kidogo isikauke, na unampa mtu utulivu aliokuwa nao akiwa amelala. Familia ikija kumwona, kitu cha kwanza inachotazama ni mdomo. Na dawa ikishapita nyama hukaza. Ulivyouacha ndivyo utakavyokuwa. Siku ile nilipoingia mashine ilikuwa inanguruma tayari, mdomo wa yule mzee umepinda kidogo kushoto kwa mkono wa mwanafunzi mwenzangu, na hakuna cha kufanya ila kuja kuufunika kwa nta na vipodozi. Sikununa tena juu ya dakika 10. Nilinuna juu ya mengine.

Jumatatu moja ya mwezi uleule, saa 3 usiku, simu ikaita. Mdogo wangu. Muheza ilikuwa saa 11 alfajiri. Sikumwacha amalize.

Mtu akiwa Texas hawezi kuwahi maziko ya Muheza. Tulikubaliana hivyo bila kusema. Mama mkubwa angeoshwa mchana, angesaliwa baada ya laasiri, angezikwa jua halijazama. Mimi hata tiketi nisingekuwa nimemaliza kuikata. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: nikae kitandani na simu, mdogo wangu aniwekee video, niwepo kwa masikio. Lakini Jumanne ilikuwa maabara, na Tanzania iko mbele ya Texas kwa saa 8 wakati ule wa mwaka. Saa 1 yangu ilikuwa saa 9 yao. Walipokuwa wanatandika kitanda cha kumwoshea, mimi nilikuwa natakiwa kuwa nimevaa glovu.

Nilikwenda kazini usiku ule, maana nyumbani ningekaa na nani. Na asubuhi nikaenda maabara, nikafika saa 1 kasoro dakika nane. Simu haziingii chumba kile, ni marufuku kwa heshima ya marehemu, na hiyo ni sheria ninayoitetea mpaka leo. Niliifungia kwenye kabati ikiwa inatetemeka.

Mezani alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, familia yake imetoa idhini ya wanafunzi kumhudumia. Mwalimu wa maabara, mama mmoja wa Louisiana mwenye sauti nzito, akagawa kazi. Mimi akanipa kumwosha. Hakujua lolote, sikumwambia mtu. Nilianza mkono wa kulia. Hakuna anayeanza mkono wa kulia pale, wanaanza popote, lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe. Bega, kiwiko, vidole kimoja kimoja, chini ya kucha. Sabuni ya pale inanuka hospitali. Nyumbani wakati ule wangekuwa wanachemsha majani ya mkunazi na kusaga karafuu maiti, na wifi yake mama mkubwa angekuwa anagombana na majirani kuhusu nani amwage maji na nani ashike shuka. Nafasi yangu ilikuwa kichwani, kumfumua nywele na kumsuka mikia mitatu. Nilimchana yule bibi wa watu. Nywele zake zilikuwa nyepesi kama za mtoto, nikazigawa mafungu matatu bila kukusudia, kisha nikaziachia.

Fomalini inatoa machozi hata feni zikiwa zinafanya kazi. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Saa 5 nilipofungua kabati kulikuwa na ujumbe 41. Wa mwisho ulikuwa sauti ya mdogo wangu: "Dada, tumemaliza. Watu wamejaa hadi kule kwenye michungwa."

Mambo hayakuishia hapo. Jumatano usiku mama watatu wa kwetu walifika kwangu kutoka mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari, na sufuria zao na misahafu yao. Walikuja kuniwekea tanga, nisilie peke yangu. Kisomo kikapangwa Alhamisi asubuhi kwa sababu mmoja wao alikuwa na kazi jioni. Mtu amekuja kukuhani kutoka mbali, amelala sakafuni kwako, utamwambia nakwenda maabara, pilau liko jikoni? Saa 12 na nusu nilipiga simu chuoni kama inavyotakiwa. Nikajua nimeifikisha siku ya tatu.

Ijumaa ndipo nilipopewa ile fomu. Ilitaka pia kiambatanisho: tangazo la kifo la gazetini, ratiba ya ibada, au barua ya nyumba ya mazishi. Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa. Waliomwosha ni wifi na majirani. Barua angeiandika nani, mwadhini? Mdogo wangu akanitumia picha ya kibali cha kuzika kutoka kwa mtendaji, kina muhuri wa bluu na mwandiko wa kukimbia. Karani akakitazama, akaigeuza simu upande, akaniuliza neno la uhusiano ni lipi. Nikamwambia mama mkubwa. Akauliza ni mama? Ni mama. Aliyekuzaa? Nikanyamaza. Ningeweza kuandika mama tu, nikatoka. Lakini mama yangu mzazi yuko hai, jina lake na namba yake ya simu vilikuwa kwenye faili langu hapo hapo kabatini, na uongo kwenye karatasi chuoni pale ulikuwa ni kufukuzwa, si kuanguka muhula. Zaidi ya hapo sikutaka kumwua mmoja ili nimzike mwingine.

Nikakata rufaa. Muhula uliotangulia nilikuwa nimepata 94 kwenye somo la sosholojia ya mazishi. Humo tulifundishwa aina za familia, kwamba kuna ya wazazi na watoto wao, kuna ya ukoo mzima chini ya paa moja, na kwamba mkurugenzi wa mazishi anayedhani familia zote ni kama yake ataumiza wafiwa. Niliyanakili maneno hayo kutoka daftari langu, nikataja tarehe ya kipindi, nikayaambatanisha kwenye barua.

Mkuu wa taaluma alikuwa mzee aliyefanya kazi hii miaka arobaini kabla ya kufundisha. Aliisoma, akacheka, akaniambia nimemkamata. Halafu akasema hapana. Akanieleza kwamba mwaka mmoja kulikuwa na mwanafunzi aliyefiwa na bibi wanne katika muhula mmoja, na tangu hapo ndipo orodha ikaandikwa.

"Kwetu inawezekana kabisa," nikamjibu.

Akanitazama muda kidogo kuona kama namtania. Nikaanza kumhesabia kwa vidole: mama wa mama, mdogo wake, mama wa baba, mke mwenzie wa mama wa baba. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani. Mwishowe akasema hivi: siku ile itabaki imeandikwa kwamba nimekosa bila udhuru, hawezi kuifuta. Lakini bodi inayokagua chuo inataka saa, na saa zinaweza kulipwa. Kama niko tayari kuitwa wakati wowote, nitafidia maabara moja, na siku ya tatu haitahesabiwa ya kuniangusha. Nilikatwa alama, nikashuka kutoka A hadi B. Niliitwa Jumamosi saa 8 usiku.

Bado nadhani orodha ile si ya haki. Chuo kinachofundisha kutambua nani ni mfiwa, kisha hakimtambui mfiwa aliyekaa safu ya pili, hakijasikiliza somo lake chenyewe. Ila siwezi kusema yule mzee alikuwa katili. Alikuwa ameona uongo mwingi, na alikuwa na karatasi moja tu ya kupimia.

Bodi nilifaulu, sehemu zote mbili. Somo lililonifaa zaidi kwa watu wangu, tofauti na nilivyotarajia, ni sheria. Tangu 1984 kuna kanuni ya shirikisho inayoilazimu nyumba ya mazishi kukupa orodha ya bei mkononi ukiuliza, na inakataza kukudanganya kwamba sheria inataka maiti atiwe dawa wakati haitaki. Hapa Texas akikaa zaidi ya saa 24 anatakiwa awe kwenye baridi, ametiwa dawa, au kwenye chombo kilichofungwa. Baridi inatosha. Nimeona familia za Kiislamu zikilipia dawa wasiyoihitaji kwa maiti wanaomzika kesho yake, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Safari ya kumpeleka nyumbani ni habari nyingine, huko dawa na cheti chake mara nyingi havikwepeki.

Sasa nafanya kazi kwenye nyumba ya mazishi ambayo sitaitaja. Mwezi uliopita tulimzika mzee wa Kikongo, na baada ya wiki akaja kijana wa Bukavu, mmoja wa waliobeba jeneza siku ile, bado ana kofia ya kiwanda cha kuku. Kazini kwake walitaka barua kwamba alikuwa msibani.

"Mama, unisaidie," akasema. "Wanasema kama si baba hawanilipi."

"Alikuwa nani kwako?"

"Baba mdogo."

Nikaweka karatasi ya ofisi kwenye printa. Jina la marehemu, tarehe, saa ya ibada, makaburi. Kwenye uhusiano nikaandika baba mdogo, kwa Kiswahili, herufi kubwa, bila tafsiri, nikasaini na kugonga muhuri. Akaisoma, akaniuliza watajuaje maana yake.

"Namba ya simu iko hapo juu," nikamwambia. "Wapige."

Nimeshaandika barua kama hizo kumi na kitu. Simu haijaita bado.